Waridi Lililoandikwa "Acha"

Woluwe-Saint-Lambert,
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwako Dada Hidaya, Mama Abdul-Aziz,

Assalaam alaykum, kama mlivyonifundisha kusalimu wewe na marehemu mumeo, na juu yake naongeza ya kwetu Lubumbashi: jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Bujumbura, na kwamba dada yako uliyemfuata kumuuguza ameanza kutoka nje na kukaa barazani. Binti yako Sumaya ameniambia kwamba uvimbe wa mguu wake umepungua, na kwamba amerudia kugombana nawe juu ya chumvi. Nikasema Mungu ashukuriwe, mgonjwa anayegombania chumvi hajambo. Na magoti yako je? Mvua za hapo mtaani kwenu Buyenzi zimekatika, au bado mnaruka madimbwi kwenda sokoni?

Ukiniuliza mimi, hali si nzuri na sitaipamba. Moyo wangu umechoka. Juma lililopita daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliketi ukingoni mwa kitanda changu akaniambia kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Nilimuuliza kama tunahesabu miezi. Akasema, Papa Kyungu, tuhesabu majuma. Nilimshukuru, kwa sababu nimefundisha watu miaka mingi na najua ni kazi gani kusema jambo wazi. Bado niko katika nyumba ileile ya wazee uliyokuwa ukinitembelea, chumba kilekile cha ghorofa ya tatu. Keren binti yangu hupita kila siku akitoka kazini. Jumamosi aliniletea sombe, kile kisamvu chetu, kutoka mtaa wa Matonge, akiwa ameipangia foleni pale karibu na Porte de Namur, nikaweza vijiko vitatu. Muuguzi alichungulia sahani akauliza kama ni mchicha uliosahauliwa motoni. Keren alimjibu kwamba bon, hivyo ndivyo tunavyoupenda, uliosahauliwa.

Wewe utarudi Brussels mwisho wa Julai. Mimi sidhani kama nitakuwepo, ndiyo maana naandika. Sumaya anasafiri kuja huko Alhamisi na nimemkabidhi bahasha hii ikiwa imefungwa. Hajui kilichomo. Nimemwambia tu kwamba ni barua ya mzee kwa mzee mwenzake, akacheka, akaitia kwenye mkoba.

Nimejaribu kukueleza jambo hili kwa mdomo mara tatu. Mara zote ulinikatiza ukaniambia nile kwanza, chakula kinapoa, nami nilishukuru kukatizwa. Kisha majuzi ulinitumia ujumbe wa sauti ukisema kwamba unaniombea dua kila baada ya sala, kwa sababu bila Mwalimu nyumba ya Nassoro ingeanguka. Sikuweza kuusikiliza hadi mwisho. Jambo lenyewe, Dada, ni la siku ile mumeo alipofukuzwa kazi kwa jina la mwizi. Kuna sehemu ya siku ile ambayo hukuambiwa, wala Nassoro hakuambiwa, na aliyeijua miaka yote hiyo ni mmoja tu. Akiondoka huyo bila kukuambia, jina la mumeo litabaki kama lilivyo.

Nianze mbali kidogo, maana kazi yetu hukuiona ikifanyika. Wewe uliona matope tu kwenye suruali.

Unajua kwamba kwetu nilifundisha biolojia miaka ishirini, na kwamba Ubelgiji shahada zangu zilipokewa kama karatasi za kufungia karanga. Kwenye shamba la mawaridi la Madame Goossens kule Auderghem, ukingoni mwa msitu, niliosha vyungu miaka minne kabla bibi yule hajagundua kwamba najua majina ya mimea kwa Kilatini. Ndipo akaniondoa kwenye maji baridi akanipa brashi. Nassoro alifika mwaka 1999. Madame alituunganisha kwa kudhani kwamba Waafrika wote wanaelewana, na safari hiyo bahati ilimwangukia, sote tulikuwa na Kiswahili. Ila siku ya kwanza aliponisikia nikisema muntu na mutoto, aliuliza kwa adabu kubwa wanafunzi wangu walikuwa wakifaulu vipi. Kiswahili hiki ninachokuandikia leo nilikipata kwake zaidi ya nilivyokipata darasani.

Kazi ilikuwa ya kuzaa mawaridi mapya. Unachukua ua la mama kabla halijafunguka, unaling'oa petali zake na vile vijiti vya chavua vya kwake mwenyewe, kisha unampaka chavua ya baba uliyemchagua, kwa brashi laini, halafu unalifunika kwa mfuko wa karatasi ili nyuki asilete mwingine. Nassoro hakuacha kuifanyia mzaha kazi hiyo. Brashi aliiita mshenga. Mfuko aliuita shela. Kila nilipoinama juu ya ua, aliniuliza kama bibi harusi ameulizwa ridhaa yake, na kama mahari imejadiliwa na watu wazima au ni sisi wawili tu tunaamua mambo ya watu. Nikimjibu kwamba ua moja naweza kulipaka chavua ya waume watatu, alitikisa kichwa akasema kwamba hapo dini zetu zote mbili zimekataa.

Madame alitaka waridi moja tu maishani mwake. Baba yake alilitafuta akafa bila kulipata: waridi linalobadilika rangi kadiri siku zinavyopita, likifunguka la njano na kumalizikia jekundu, ili mti mmoja ubebe rangi zote kwa pamoja. Mawaridi ya namna hiyo yapo tangu zamani, asili yake Uchina, lakini maua yake ni mepesi, yana petali chache. Madame alitaka ua lililojaa, lenye harufu, linaloweza kustahimili baridi ya Ubelgiji. Nililitafuta miaka mitatu peke yangu na minne tukiwa na Nassoro. Tulipanda mbegu kwa mamia kila majira ya baridi ndani ya nyumba ya vioo, na kila Mei miche ilipochanua kwa mara ya kwanza niliihukumu. Kwenye kila chungu nilichomeka kipande cha plastiki chenye namba na neno moja. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu shamba lilikuwa na wageni wenye macho marefu na Madame hakupenda wajue tunachokichagua. Mche wa "weka" ulihamia meza ya mbele. Wa "tupa" ulikwenda kwenye lundo la mboji. Nassoro alisoma na kutekeleza.

Mei ya mwaka 2003 ulichanua mche namba 214. Ulikuwa na umbo zuri, ua limejaa, harufu ya pera bivu. Siku hiyohiyo niliyokuwa nikimalizia meza yake nilipigiwa simu kutoka Lubumbashi kwamba mama yangu amefariki. Ndege ilikuwa kesho yake. Nilimaliza kazi kama mtu anayetembea usingizini. Kwenye miche sitini na kitu niliandika "tupa". Kwenye 214 niliandika "acha". Kisha nikaenda kumzika mama, nikakaa majuma saba.

Nassoro alifika kwenye 214 akasoma. Hakuwa ameliona neno lile hata siku moja katika miaka yetu minne. Kwake acha ni lile neno unalomwambia mtoto anayenyoosha mkono kwenye kikombe cha mgeni: acha, usikiguse, kikae hapo. Basi alipowatupa wengine, huyo alimwacha. Lakini meza ilipaswa kuoshwa kwa dawa ili ipokee miche mingine, na meza ya mbele ilikuwa ya walioandikwa "weka". Akaupa mche chungu kikubwa zaidi, akakizungushia gunia kisikauke, akaupeleka nyuma ya chumba cha boila, kwenye ukuta unaopata jua mchana kutwa, karibu na geti dogo alikokuwa akiegesha baiskeli yake. Alikusudia kuniuliza nikirudi.

Siku niliyorudi alinisubiri getini. Alinishika mkono kwanza, akanipa pole kwa ajili ya mama. Kisha hakuweza kuvumilia tena. Akaniambia njoo umwone binti yako, akanivuta hadi nyuma ya boila.

Dada, sijaona kitu kama kile. Mche ulikuwa na maua saba. Yaliyofunguka asubuhi hiyo yalikuwa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Ya jana yake yalikuwa na rangi ya papai. Ya siku ya tatu yalifanana na ufizi wa mtoto, na yale yaliyokaribia kupukutika yalikuwa mekundu, ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Nassoro alisema ni kanga nne zimeanikwa kamba moja. Alisema huyu ni bibi harusi wa matajiri, anabadili nguo mara nne mbele ya wageni ili mashangazi wa upande wa pili wakose usingizi. Nami nilikitazama kile kipande cha plastiki, mwandiko wangu mwenyewe, na yeye akasema kwa furaha: uliandika acha, nikaacha.

Hatukuwa tumemaliza kutazama Madame aliponiita ofisini. Siku tatu kabla, mteja mmoja aliyepotea njia akitafuta choo alikuwa ameuona mche na kuuliza kama unauzwa. Madame hakuwa ameuona kamwe. Aliukuta ukiwa umefungwa gunia, karibu na geti la nyuma, kando ya baiskeli. Ilikuwa miezi miwili tu tangu vipandikizi vya waridi jingine vipotee shambani na kuonekana kwa mkulima mwingine. Alimuuliza Nassoro, na yeye, kwa Kifaransa chake kile cha maneno ya kuhesabu, alijibu tu kwamba Mwalimu kaandika acha, basi Madame akaamua kuningoja nirudi.

Yaliyofuata mnayajua, au mnajua yale niliyowaambia. Nassoro alisubiri nje, kofia mkononi. Mimi niliingia, nikakaa robo saa, nikatoka. Niliwaambia nyinyi kwamba nilimtetea na bibi yule hakusikia. Jioni hiyo unga ulimwagika: alifukuzwa kwa kosa ambalo kwa sheria ya hapa lilimnyima hata msaada wa wasio na kazi. Unakumbuka yeye alifanya nini siku iliyofuata. Alikuja kwangu na kilo mbili za mchele, akaniomba radhi mimi. Alisema kosa ni lake, uliandikwa acha, maana yake uachwe mahali pake, naye akauhamisha. Alisema amenitia aibu mbele ya Madame. Marehemu mke wangu Thérèse alilia. Mimi niliupokea mchele.

Unakumbuka pia yale ya mtaani kuliko mimi. Walimwita Bwana Maua. Vijana walimuuliza leo amebeba nini ndani ya koti. Na ile Ijumaa msikitini, alipoketi kando ya mtu mmoja naye mtu yule akavichukua viatu vyake akavipakata mapajani, na safu nzima ikacheka. Nassoro alikusimulia akicheka na yeye, ukaniambia kwamba baada ya hapo alisali nyumbani mwaka mzima. Mtu aliyewahi kuniita saa moja asubuhi nije nione konokono amelala ndani ya ua hakugusa tena udongo. Alifagia korido za shule hapa Woluwe hadi alipostaafu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, ni kweli. Nilimwandikia barua ya sifa, ni kweli. Nilimfundisha Abdul-Aziz biolojia na kemia kila Jumatano hadi akaingia chuo cha ufamasia, ni kweli pia. Kwa hayo mkaniita mkombozi. Sasa nitakueleza yalikuwa nini.

Nilipoandika "acha" nilimaanisha utupwe.

Nilikuwa nimeupenda mche ule kuliko yote. Niliamini kwamba ndio wenyewe. Nililiangalia ua lake la kwanza siku nne, la pili siku nne, la tatu siku nne, nikingoja njano igeuke. Haikugeuka. Ilififia ikawa nyeupe, ikaanguka. Nilipofika kwake na kalamu, na habari ya mama bado iko masikioni, mkono ulikataa kuandika "tupa". Nikaandika lile neno tunalomwambia mtu anayelilia kitu kilichokwisha: basi, acha. Nilikuwa nikijiambia mimi mwenyewe. Mche nilikuwa nimeuhukumu kwenda kwenye mboji pamoja na wenzake.

Na kuna jingine nililopaswa kulijua. Mawaridi ya aina ile hupakwa rangi na jua lenyewe, na vioo vya paa letu vilizuia sehemu ileile ya mwanga inayopaka. Mimi, mwalimu wa biolojia, niliungoja wekundu miaka saba chini ya paa lisilouruhusu. Sijui ni mingapi niliyoitupa kabla ya huo. Nassoro, aliyeishia darasa la sita, alilisoma neno moja vibaya, au vizuri, akautoa nje kwenye jua. Waridi lile alilipata yeye.

Ofisini Madame alikiweka kile kipande cha plastiki mezani akaniuliza acha maana yake nini kwa Kifaransa. Nilijibu, laisser. Hadi hapo sikuwa nimedanganya. Lakini Madame hakuwa mjinga, na lugha yake ina mtego uleule wa lugha yetu. Aliniuliza, donc, ni kuachana nao, au ni kuuacha mahali pake utunzwe?

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mbili. Katika pumzi ya kwanza nilijiona nikisema kweli: kwamba nilikuwa nimeutupa mche ambao baba yake aliutafuta hadi kufa, na kwamba msaidizi wangu ndiye aliyeuokoa. Niliiona brashi ikitoka mkononi mwangu. Niliyaona maji baridi ya vyungu. Katika pumzi ya pili nilisema kwamba maana yake ni uachwe mahali pake utunzwe, kwamba nilikuwa nimeuchagua.

Sikujua kwamba kwa jibu hilo ninamfunga Nassoro. Naapa sikujua, ila kutojua huko kulidumu muda wa kumeza mate tu. Madame alisema: basi, alijua kwamba mche huu umechaguliwa, akautoa, akaufunga gunia, akauficha getini. Alisema kwa huzuni, alikuwa akimpenda. Kisha akanitazama kana kwamba ananingoja. Palikuwa na nafasi ya kutosha kusema hapana. Niliomba glasi ya maji. Alinimiminia mwenyewe, nikanywa yote, na nilipoiweka glasi mezani mambo yalikuwa yamekwisha. Huko ndiko kumtetea kwangu.

Waridi lilichukua miaka tisa ya majaribio na likatoka 2012, mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu. Madame alilipenda neno la kibandiko, akaliandika kwenye orodha ya mauzo: Acha. Wateja wakalitamka Asha, na Nassoro akasema hilo ni jina la shangazi yake, naye pia alikuwa akibadilika rangi kila siku. Alikuja kwenye sherehe ya uzinduzi kwa sababu nilimwalika, na nilimwalika kwa sababu kutomwalika kungeonekana. Alivaa ile suti ya kijivu. Alisimama nyuma, akapiga makofi. Mwandishi wa gazeti aliniuliza maana ya jina, nikairudia tafsiri yangu, neno kwa neno, Nassoro akiwa anasikia. Baadaye alinijia akasema kama asingekihamisha chungu kile huenda ningepata sifa hizi mapema. Akaniomba radhi mara ya pili. Nilimwambia yamekwisha, tusiyarudie. Nilitumia sauti ya mtu anayesamehe.

Mwezi uliopita nilimwita Keren nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kukaa. Aliniuliza swali moja, kama ami yake, tonton Nassoro, alijua. Nilisema hapana. Alichukua koti akatoka, nikadhani hatarudi siku hiyo, lakini alirudi baada ya saa nzima, akaniambia niandike yeye ashuhudie. Niliandika ukurasa mmoja kwa Kifaransa, nikatia sahihi, naye akatia yake. Madame Goossens alikwisha kufa, kwa hiyo nilimpigia mwanawe anayeendesha shamba. Alikuwa mpole sana kwangu. Aliniambia nisijisumbue, kwamba Acha limeondolewa kwenye orodha tangu msimu uliopita, linashikwa mno na ugonjwa wa madoa meusi na wateja hawalitaki tena. Ukurasa wangu atautia kwenye faili. Aliuliza kama ningependa kuletewa mti mmoja kati ya ile iliyobaki kabla hawajaing'oa. Nilikata simu nikakaa na mkono juu yake. Heshima niliyoinunua kwa jina la mumeo ilikuwa imeshapitwa na wakati, na hakuna mtu duniani anayeihitaji kweli hii isipokuwa watu wa nyumba yako.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili zaidi. Moja ni nakala ya ule ukurasa. Ya pili ni kwa Kiswahili, kwa imamu wa msikiti wetu huku, msikiti wenu nilitaka kusema, na imetaja jina langu kamili na alilofanya mwenye jina. Namwomba isomwe Ijumaa, pale pale ambapo mtu alipakata viatu vyake. Sijaituma. Haki ya kuituma si yangu. Ukiona kwamba itawaumiza watoto kuliko kuwaponya, ichane. Ukiona inafaa, mpe Abdul-Aziz aipeleke yeye, na asiipunguze makali kwa sababu nilimfundisha.

Najua desturi, kwamba mgonjwa anayekaribia kuondoka akiomba radhi hapewi jibu la hapana. Nakuomba usinipe jibu kwa sababu hiyo. Usinitumie ujumbe wa upole ambao baadaye utaujutia jikoni ukiwa peke yako. Ukinyamaza nitaelewa, na ukimya wako nitauheshimu kuliko zile dua nilizozila bure miaka yote hii. Niliyemkosea ndiye wa kuombwa, na mimi nilimngoja afe.

Limebaki moja. Siku tuliyomzika Nassoro, Novemba ile ya mvua, Abdul-Aziz alisimama kando ya kaburi akasema, kama ilivyo kawaida yenu, kwamba kama yupo aliyekosewa na baba yake, basi amsamehe. Watu wote wakajibu, tumemsamehe. Nami nilijibu pamoja nao, Dada. Niliisikia sauti yangu, ilikuwa kubwa kuliko za walionizunguka, na wewe baadaye ulinishukuru kwa hilo.

Nalirudisha neno lile. Nassoro hakuwa na kosa kwangu la kusamehewa. Waambie watoto wake kwamba Kyungu amelitoa neno lake kaburini kwa baba yao.

Nimechoka, mkono hauendi tena. Wape salamu zangu wote mlio nao hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na dada yako zaidi. Keren anakuamkia, na ameniahidi kwamba atakuja kukupokea uwanja wa ndege mwezi wa saba, ikiwa utamruhusu. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama kwa wanao.

Ni mimi,
Séraphin Kyungu